Mbaraka au Marijani? Niliyojifunza kwenye benchi la fundi redio

Muulize Mtanzania wa makamo nani mkubwa kati ya marehemu wetu wawili wa muziki wa dansi, Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajabu, na kabla hajamaliza kujibu utakuwa umeshajua amekulia wapi, ujana wake ulikuwa wa miaka gani, na pengine hata redio ya kwao ilikuwa ya namna gani. Ubishi huu nimeusikiliza karibu maisha yangu yote. Niliukuta Morogoro nikiwa mtoto, nikaufuata Dar es Salaam nilipokuja kujifunza ufundi wa redio, na mpaka leo unaendelea mbele ya banda langu Ilala, watu wakiwa wamekaa kwenye benchi kusubiri redio zao au kumsubiri tu muuza kahawa apite. Sijauchoka. Kwangu ni moja ya mambo mazuri tuliyonayo: watu wasiopata hata senti wanakaa mpaka jua linazama wakimtetea marehemu, kwa sababu tu aliwahi kuwaimbia vizuri. Ila iko namna ya kubishana ambayo mtu anaondoka akiujua muziki zaidi ya alivyokuja, na iko namna ambayo anaondoka na koo kavu. Hiyo ya kwanza nimejifunza polepole, na sehemu kubwa nimejifunza kwa watu wasiojua kwamba walikuwa wananifundisha.

Kwetu Morogoro ubishi mkubwa haukuwa wa Mbaraka na Marijani. Mji ule ulikuwa na bendi mbili, Morogoro Jazz iliyoanzishwa mwaka 1944 na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, SAY kama walivyomwita, na kila nyumba ilikuwa na upande wake. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenishikisha bisibisi kwa mara ya kwanza, alikuwa Cuban Marimba damu. Mkewe alikuwa Morogoro Jazz, yaani Mbaraka. Wageni walipokuja ubishi ulianza kabla chai haijamiminwa: SAY aliimba hivi, Mbaraka alipiga gitaa vile, SAY ndiye aliyewafundisha watu kucheza, Mbaraka ndiye aliyefika Japani.

Mjomba alikuwa na tabia moja. Maneno yakishapamba moto alikuwa akinyanyuka, anafungua kabati, anatoa santuri. Hakusema mengi. "Leta wimbo," alikuwa akimwambia mgeni. Kama mgeni hana wimbo wa kuleta, hoja yake inakaa pembeni mpaka aulete. Mimi niliona ni ukali wa wazee tu. Baadaye ndipo nilipoelewa alichokuwa akikifanya, maana ukimwambia mtu alete wimbo unamtoa kwenye jina na kumrudisha kwenye kazi. Jina limejaa mambo mengine: timu, mtaa, baba aliyekuwa akilitaja jina hilo kwa heshima, harusi ya dada. Wimbo una mwanzo na mwisho. Unaweza kuukatiza katikati na kusema, hapa, sikiliza hapa.

Siku moja mjomba alinieleza jambo ambalo sijawahi kulisikia kwenye ubishi wowote wa SAY na Mbaraka. Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka hiyo ya 60, kijana wa miaka ishirini na kitu. Kwa hiyo watu hawa wawili tunaowapambanisha kila siku karibu hawakukutana kabisa jukwaani. Aliyepambana na Mbaraka kwa kweli, ukumbi kwa ukumbi, wakati Mbaraka akiwa amekomaa, ni Juma Kilaza, aliyeichukua Cuban Marimba baada ya SAY kufariki. Na Kilaza hatajwi. Mashabiki wamemruka wakaenda kumchukua marehemu, kwa kuwa marehemu ana hadithi kubwa zaidi. Mjomba alimpenda SAY kuliko watu wengi ninaowajua, na bado hili lilimuuma kwa niaba ya Kilaza. Tangu hapo, nikisikia majina mawili yanapambanishwa, kwanza naangalia miaka. Mara nyingi sana kuna mtu wa tatu aliyefanya kazi yenyewe na hayumo kwenye maneno.

Nilipohamia Dar es Salaam nilikuta SAY hana wapambe wengi. Hapa mfalme wa benchi alikuwa Marijani, Jabali la Muziki, mtoto wa Kariakoo. Watu wa Ilala na Magomeni walimzungumzia kama ndugu aliyeondoka jana. Mbaraka kwao alikuwa mtu mkubwa, sawa, lakini mtu wa bara, mtu wa santuri za wazazi. Nikagundua kwamba Morogoro na Dar walikuwa hawabishani juu ya muziki uleule. Walikuwa na vitu tofauti mikononi, na hapa ndipo kazi yangu ya ufundi ilipoanza kunifungua macho.

Santuri za Mbaraka zipo. Mpaka leo watu wananiletea, nyingine zimekwaruzika hadi sindano inaruka, lakini zipo. Alirekodi sana Nairobi, kwanza na Morogoro Jazz, halafu na Super Volcano aliyoianzisha mwaka 1973. Wakati ule Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Ukitaka santuri ulivuka mpaka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka mwishoni mwa mwaka 1983. Bendi zilizokomaa katikati ya kipindi hicho, na kwa miaka mingi baada yake, zilitegemea studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi inaingia, inarekodi nyimbo zake, utepe unabaki kwenye maktaba ya redio, wimbo unapigwa hewani. Msikilizaji hakuwa na pa kwenda kuununua. Kama alikuwa na redio kaseti alikaa nayo karibu, kidole kwenye kitufe, akisubiri mtangazaji anyamaze.

Sasa mweke Marijani kwenye picha hiyo. Akiwa na bendi ya Safari Trippers, miaka ya 70, alipata santuri, na "Georgina" ikafika mbali. Lakini ukubwa wake wa bendi iliyofuata, Dar International, mtu mzima aliyekwishajua anataka kusema nini, ule wa "Zuwena", watu wengi waliupata hewani na kwenye kanda zilizonakiliwa kutoka kanda nyingine. Redio binafsi zilipoanza huku bara mwaka 1994 na kuzirudisha zilipendwa kwa nguvu, yeye alikuwa amebakiza muda mfupi tu. Alifariki Machi 1995, akiwa na umri wa miaka 40 hivi.

Alikuja bandani mgeni mmoja wa Mombasa, dereva wa lori, redio yake imekufa njiani. Alimjua Mbaraka wimbo kwa wimbo, tena kwa mpangilio wa santuri, upande wa kwanza na wa pili. Mbaraka alifariki hukohuko Mombasa, Januari 1979, kwa ajali ya gari, akiwa kwenye ziara na bendi yake, na wenyeji wa kule wana haki ya kumwita wao pia. Nilipomtaja Marijani, yule kaka alisema, "Wa Georgina?" Basi. Vijana wa benchi walitaka kumrukia. Mzee mmoja akawatuliza: "Mwacheni, hamkumpelekea." Nimelibeba neno hilo. Tunapopima nani anajulikana zaidi, sehemu ya tunachokipima ni mpaka uliofungwa, kiwanda ambacho hakikuwepo, na utepe uliobaki kabatini. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotuambia nani aliimba vizuri.

Halafu kuna spika. Hili sijawahi kumsikia mtu mwingine akilisema, lakini nimekaa na spika miaka mingi na nina uhakika nalo.

Redio ndogo ya betri, ile iliyokuwa kila nyumba, ina spika ya ukubwa wa kiganja. Ilipokea matangazo ya masafa ya kati au masafa mafupi, ambayo yenyewe yanakata sauti za juu kabisa. Spika nayo inakata za chini. Kinachobaki katikati ni sauti ya mwimbaji na gitaa la solo. Besi huisikii, unahisi tu kuna kitu kinatembea. Gitaa la ridhimu linazama. Tumba zinasikika kama mtu anagonga mlango wa jirani. Taifa zima liliujua muziki wa dansi kupitia tundu hilo, na ndiyo maana, naamini, ubishi wetu wote ni wa waimbaji na wapiga solo. Hakuna anayekunja ngumi kumtetea mpiga besi.

Wateja wakinipa muda huwa nawawekea nyimbo zilezile kwenye spika kubwa nilizozijenga mwenyewe, kasha la mbao na spika ya inchi kumi na mbili. Nimeona watu wazima wakinyamaza. Wimbo wa Dar International ambao mtu ameuimba miaka thelathini, leo ndiyo anasikia kwamba besi haimfuati mwimbaji, inamjibu. Kwenye kazi za Sikinde, yaani Mlimani Park, anasikia magitaa matatu yakisuka, kila moja na njia yake, na hakuna linalomkanyaga mwenzake. Baada ya hapo hoja hubadilika. Mtu aliyekuja akisema Marijani ni Marijani anaanza kuuliza nani alikuwa kwenye besi, nani alipiga solo la pili. Nadhani marehemu wenyewe wangelifurahia swali hilo, kwa sababu walikuwa wanaishi na watu hao, wanakula nao, wanafanya nao mazoezi mchana kutwa.

Kanda nazo zina ujanja wake. Palitokea ubishi mkali wa sauti ya Marijani: mzee mmoja anasema alikuwa na sauti nzito yenye huzuni, mwenzake anasema hapana, ilikuwa laini, inayopanda bila kujikaza. Wamefika mahali pa kutazamana vibaya. Nikawaomba kila mmoja alete kanda yake na redio yake. Kwenye redio ya yule wa kwanza mpira unaozungusha kanda ulikuwa umelegea kwa uzee, kanda inakwenda taratibu kuliko inavyotakiwa, na kila sauti inashuka. Miaka yote alikuwa akimsikiliza Marijani mzito kuliko Marijani mwenyewe. Nilimfungia mpira mpya. Alisikiliza wimbo mzima akiwa amesimama, akasema anampenda hivyo pia, ila atamkumbuka yule mwingine. Nilimheshimu sana kwa jibu lile. Hakulazimisha kumbukumbu yake iwe ushahidi, wala hakuitupa.

Siwezi kuzungumzia benchi la Dar bila kugusa Msondo na Sikinde, ingawa hapo ndipo watu wanapoacha kusikilizana kabisa. Wanaitana watani wa jadi kama mpira wa miguu, na kwenye mapambano ya bendi hizo mbili nimeona shabiki akigoma hata kutikisa kichwa bendi ya upande wa pili ikiwa jukwaani, mguu ukimsaliti chini ya meza. Utani huo una raha yake na siupingi. Ila kama hoja ya muziki, una shida moja kubwa: watu ni walewale.

Msondo ilizaliwa mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika jina bendi nayo ilibadilika, ikawa Juwata, ikawa OTTU, mpaka ikabaki Msondo Ngoma. Muhidin Maalim Gurumo aliimba humo tangu mwanzo. Mwaka 1978 Mlimani Park ilipoundwa, Gurumo alikwenda huko, na Hassan Bitchuka pia. Mwaka 1985 wote wawili wakahamia Safari Sound. Baadaye Bitchuka akarudi Sikinde, Gurumo akarudi Msondo. Sasa shabiki wa Sikinde anayewacheka Msondo anamcheka nani? Sauti iliyoijenga Sikinde mwanzoni ilikuwa imelelewa Msondo. Na shabiki wa Msondo anayesema Sikinde ni wa kuiga, anamtuhumu Gurumo kwamba alijiiga mwenyewe.

Nilichojifunza hapa ni kufuata mtu badala ya jezi. Mfuate Gurumo kutoka bendi moja hadi nyingine na utasikia jambo ambalo ubishi wa timu hauwezi kukuonyesha: mtu yuleyule, sauti ileile, anaimba tofauti kwa sababu waliomzunguka ni tofauti. Kwenye Juwata tarumbeta zinambeba. Kwenye Mlimani Park magitaa yanampa nafasi ya kuvuta neno mpaka lilegee. Na nyuma ya ule mpangilio wa Mlimani Park alikaa Michael Enoch, aliyekuwa mpiga gitaa maarufu wa Dar es Salaam Jazz tangu miaka ya 60, na huku Sikinde akawa kiongozi wa bendi na mpuliza mdomo wa bata, yaani saksafoni. Huyu ni mtu aliyeamua nani aingie lini na nani anyamaze lini. Taja majina kumi ya wakubwa wa dansi kwenye benchi lolote la Dar, na yeye hatakuwemo. Kunyamazisha magitaa mahali sahihi ni kazi ambayo haisikiki, na kwa hiyo haina mashabiki. Mimi ni shabiki wake.

Wakongo nao huingia kila mara. Atatokea mtu na kusema hawa wote walikuwa wanaiga Zaire, kwa hiyo hakuna cha kubishania. Ni kweli Dar ilijaa wanamuziki kutoka huko, bendi za Maquis na Makassy zilikuwepo, Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi kumi na mbili alikuwepo, na Remmy Ongala aliyezaliwa Kindu alikuja mwaka 1978 na hakuondoka tena. Kituo cha daladala kule Sinza kinaitwa kwa Remmy hadi leo. Lakini ukimwekea mtu huyo wimbo wa Kikongo na wa Marijani kwa kufuatana, hawezi kushikilia neno lake muda mrefu. Wenzetu waliharakia sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha watu. Wetu walikaa kwenye hadithi. Wimbo wa dansi wa Kitanzania unakuchukua taratibu, una mtu mwenye jina, ana shida yenye sababu, anamwambia fulani, fulani anamjibu, na chemko, yaani sehemu ya kasi ya kucheza, linakuja ukiwa umeshajali kilichompata. Remmy mwenyewe, Mkongo wa kuzaliwa, alipata ukubwa wake pale alipoanza kuimba hivyo, kwa Kiswahili, juu ya kifo na umaskini.

Vijana wanaokuja bandani siku hizi, wengi kwa ajili ya spika za simu, wana ubishi wao: Diamond Platnumz au Ali Kiba. Wazee wangu wa benchi huwadharau na mimi sipendi dharau hiyo. Ukiwasikiliza vizuri, wanabishana kama sisi, ila mzani wao ni namba: ametazamwa mara ngapi, ana wafuasi wangapi. Nimejaribu kuwaonyesha kwamba namba hizo zinapima barabara zaidi ya zinavyompima msafiri. Marijani alikuwa na redio moja. Haikumhesabia wasikilizaji. Kijiji kizima kikikusanyika kwenye redio moja ya mwalimu, hilo lilihesabika wapi? Kuna kijana mmoja, mkali wa maneno, aliwahi kunijibu vizuri: "Mjomba, basi na wewe usiseme Diamond hawezi, sema alete wimbo." Ana haki. Sheria ya "leta wimbo" haina umri. Tuliketi, akaleta, nikasikiliza mpaka mwisho, na nikamwambia wazi nilichokipenda na kilichonipitia pembeni.

Kijana huyohuyo ndiye aliyenikumbusha habari ya gari. Gurumo alipotangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya kuimba kwa nusu karne hivi, watu walishtuka kusikia kwamba muda wote huo hakuwahi kumiliki gari. Diamond akampa moja. Mzee alifariki Aprili mwaka uliofuata. Benchi langu liligawanyika siku ile: wapo walioona kijana amejitafutia sifa, wapo waliolia kabisa. Mimi nilikuwa upande wa waliolia, na bado nipo. Lakini nililoliona zito zaidi ni hili, kwamba miaka yote tuliyokaa tukibishana kama Gurumo ni mkubwa kuliko Bitchuka, hakuna aliyewahi kuuliza analipwaje wimbo wake ukipigwa. Sheria ya hakimiliki tunayoitumia ni ya mwaka 1999. Nyimbo tunazozililia zilikuwa zimeshaimbwa, zimeshapigwa hewani maelfu ya mara. Kwa hiyo siku hizi, mtu akinieleza jinsi anavyompenda mwanamuziki fulani aliye hai, nauliza kama amewahi kulipa kiingilio kumwona. Siulizi kwa kumsuta. Nauliza kwa sababu bendi za zamani bado zinapiga hapa mjini, kwenye kumbi zenye viti vitupu, na wengine waliomo wana miaka sabini.

Jambo jingine ninalolifanya ni kuandika. Wazee wakija na kanda isiyo na jina, nauliza kabla sijaifungua: nani mtunzi, nani anaimba, nani yuko kwenye solo. Watu wengi wanadhani anayeimba ndiye aliyetunga, na kwa bendi zetu hilo si kweli hata kidogo; mtu alitunga, mwingine mwenye sauti inayofaa akapewa aimbe, na sifa zote zikaenda kwa sauti. Nikipata jina kwa mtu aliyekuwepo, naliandika kwenye karatasi ya kanda pamoja na jina la aliyeniambia. Nikipata majibu mawili yanayopingana, naandika yote mawili. Daftari langu limetumika kumaliza ubishi mara nyingi, na mara nyingine limeuanzisha, kwa sababu shabiki wa miaka arobaini anaambiwa kwamba wimbo anaompendea fulani ulitungwa na mtu ambaye hajawahi kumsikia.

Najua msomaji anataka nijibu swali. Baada ya yote hayo, nani?

Kwa sauti, Marijani, na sioni wa kumkaribia. Anaimba kama anayezungumza na mtu mmoja, hapigi kelele hata pale hadithi inapouma, na Kiswahili chake kinatoka kizima, kila silabi na nafasi yake. Lakini ukinibana nitaje mmoja, nitamtaja Mbaraka, na sababu yangu haiko Morogoro. Mbaraka alikuwa anatunga, anaimba na kupiga solo kwa wakati mmoja. Sikiliza "Shida" kwenye spika nzuri: mstari unaisha, na gitaa linauendeleza kana kwamba maneno hayakutosha, halafu sauti inarudi na kukuta gitaa limeshaibadilishia hali. Hiyo si kazi ya watu wawili waliofanya mazoezi sana. Ni kichwa kimoja. Tena aliacha bendi iliyomfikisha Osaka kwenye maonyesho ya mwaka 1970, akaanza upya na Super Volcano, na muziki wake haukupungua. Yote hayo kwa miaka kama kumi na minne tu ya kazi.

Mzee mmoja wa Magomeni, ambaye redio yake nimeitengeneza mpaka imebaki kasha tu la zamani na ndani vyote vipya, hakubaliani nami kabisa. Anasema Mbaraka alikufa na miaka 34, kwa hiyo sisi tunaye kijana tu, kijana hodari, ambaye hatujui angeimba nini akiwa na mvi. Marijani tulimsikia akiwa kijana wa miaka kumi na saba wa Safari Trippers, anaimbia wasichana, na tukamsikia tena akiwa mtu mzima wa Dar International, anaimba juu ya ndoa na aibu na watu waliokosa pa kwenda. Alibadilika mbele yetu. Na kupima ukubwa wa mtu, anasema mzee, lazima uwe umemwona akibadilika. Aliniletea nyimbo mbili, moja ya kila kipindi, akanitaka nizisikilize kwa kufuatana. Nimezisikiliza. Bado sijampelekea jibu.